Moshi wa Kanada haupandishi joto, mchana unalishusha

Umeuliza kama moshi wa moto wa misitu ya Kanada ndo unaongeza joto huku Marekani, na unafikaje mbali hivyo. Hapana kaka, hauongezi joto, mchana ndo kwanza unalipunguza, maana zile chembechembe zinakinga jua kabla halijafika chini, ndo maana siku moshi ukiwa mzito joto linaishia chini ya utabiri. Kuhusu unafikaje mbali hivyo, angalia New York tarehe 7 Juni 2023, anga rangi ya chungwa saa nane mchana na moto wenyewe uko Quebec, jimbo la Kanada, mamia ya kilomita kaskazini. Kulikuwa na mgandamizo mdogo wa hewa umekwama maeneo ya Nova Scotia, pwani ya mashariki ya Kanada, na huku kaskazini mwa dunia upepo unauzunguka kinyume cha saa, kwahiyo upande wake wa magharibi unashusha kila kitu kutoka kaskazini mpaka mjini. Sisi wa Minnesota, jimbo la Marekani linalopakana na Kanada, ni tofauti kidogo, kwetu mara nyingi moshi unakuja baada ya mvua, hewa baridi ya kaskazini magharibi ikishaingia unafungua madirisha ufaidi upepo kumbe ndo imeubeba 😅

Ila jua likionekana jekundu, hilo peke yake halimaanishi hewa mbaya, moshi unaweza kuwa juu sana ukapita tu, usijifungie ndani bure. Cheki namba ya PM2.5 (kipimo cha zile chembechembe ndogo sana hewani) kwenye AirNow, tovuti ya serikali ya Marekani ya hali ya hewa tunayovuta, ikiwa juu vaa N95, barakoa inayochuja chembe ndogo, zile za kitambaa hazisaidii sana hapo, hasa kama una pumu.