Andika mkono wako ulifanya nini

"Ametembea mita 10 kwa msaada kidogo." Niliandika hivyo mwaka wangu wa kwanza wa fiziotherapia hapa Mombasa, kwenye faili la mzee mmoja, mgema, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akaumia uti wa mgongo. Kesho yake sikuwa zamu. Mwenzangu alisoma, akaamini, akamsimamisha peke yake. Hatua ya tatu goti la kushoto likakunjika, wakaenda chini wote wawili. Hakuvunjika mfupa, lakini wiki mbili nzima mzee alikataa kusimama. Kosa lilikuwa langu. Goti lile nilikuwa nikilizuia kwa mkono karibu kila hatua, na sikuliandika.

Wadogo zangu mnaoanza, mtafundishwa WISCI II, kipimo cha kutembea kwa walioumia uti wa mgongo: ngazi 0 hadi 20, katika mita 10, kikiangalia magongo, splinti na idadi ya wasaidizi. Kitumieni. Ila hakisemi mkono ulikaa wapi. FIM nayo, kipimo cha jinsi mgonjwa anavyojitegemea, huita msaada kuwa mdogo mgonjwa akifanya asilimia 75 au zaidi ya kazi, na asilimia hiyo huikisia wewe mwenyewe. Mikono ya saa mbili asubuhi si ile ya saa nane mchana, joto la Machi limekuchosha na huyu ni mgonjwa wako wa saba.

Kwa hiyo mimi huhesabu hatua. Chukua hatua 20 za mguu dhaifu, andika: goti la kushoto limezuiwa mara 14, mguu umesukumwa mbele mara 4, zilizobaki mkono ulikuwa karibu tu bila kugusa. Andika pia ni vyuma sambamba vya kushikilia au fremu ya kutembelea, na alipumzika mara ngapi. Mizani ya kawaida ya kupimia uzito itakusaidia kuujua mkono wako: ikandamize hadi kilo 5, kisha rudia bila kutazama. Utashangaa jinsi tunavyobeba wagonjwa huku tukidhani tunawagusa tu.

Na muulize mgonjwa. Yule mzee aliporudi kwenye vyuma alianza kuhesabu mwenyewe kwa sauti, mkewe akiweka alama kwenye daftari la shule la mjukuu. Siku moja akanigeukia kabla sijafungua faili: "Mwanangu, leo umenishika mara nne." Mimi nilikuwa nimeandika tatu. Nikafuta, nikaandika nne.