Analisisi ya mwaka wa pili: nilisapu, na hiki ndicho kilichonivusha

Mdogo wangu, umesema kidato cha sita hisabati ulipata A, kalkulasi ya mwaka wa kwanza ukaipita vizuri, halafu testi ya kwanza ya Analisisi, somo la kuthibitisha mambo ambayo kalkulasi inayatumia tu, umepata 9 kwa 40 na unafikiria kuhama kozi. Usihame kwanza. Mimi nilisomea ualimu wa hisabati na fizikia, leo nafundisha kidato cha tano na sita, na kozi hiyo hiyo niliisapu, yaani nilifeli nikarudia mtihani. Nilikuja kuipenda kuliko zote.

Swali la kwanza la testi yangu nalikumbuka mpaka leo: thibitisha kwamba mfuatano (2n+1)/(n+3) unakwenda kwenye 2. Nikaweka n = 1000, nikapata 1.995. Nikaweka milioni, nikapata 1.999995. Nikaandika "kwa hiyo kikomo ni 2", nikapiga mstari. Karatasi ilirudi na sifuri, na pembeni kwa kalamu nyekundu: "Na baada ya milioni?" Nilikasirika wiki nzima, lakini aliyesahihisha alikuwa na haki.

Sekondari tumezoea kutafuta jibu. Huku jibu limeshaandikwa ndani ya swali. Unachotakiwa ni kummaliza mbishi. Mbishi anataja umbali wowote, mdogo kadiri anavyotaka, na huo ndio epsiloni. Wewe unamtajia namba N, kisha unamwonyesha kwamba kuanzia hapo na kuendelea hakuna hata namba moja ya mfuatano iliyo mbali na 2 kuzidi alivyotaja.

Chukua karatasi ya rafu. Toa 2 kwenye (2n+1)/(n+3), unabaki na −5/(n+3). Ukubwa wake ni 5/(n+3), ambao ni mdogo kuliko 5/n. Basi akitaja 0.01, mjibu 500. Akitaja 0.0001, mjibu 50,000. Akitaja ε yoyote, mjibu N yoyote inayozidi 5/ε, na hana tena pa kushika. Angalia lakini: kwenye rafu umeanzia mwisho ukarudi nyuma, ila nakala safi inaanza na "chagua N inayozidi 5/ε". Mimi nilikuwa naona mstari huo ubaoni nadhani mhadhiri ameuota. Kumbe ni rafu ambayo hatuonyeshwi. Siku nilipolielewa hilo, nusu ya woga uliisha.

Nusu nyingine ni mpangilio wa maneno "kwa kila" na "ipo". Kiswahili chako kinatosha kukufundisha. "Kila mtoto ana mama" ni kweli. "Yupo mama mmoja wa watoto wote" ni habari nyingine kabisa, na maneno ni karibu yale yale. Sasa chukua 1/x kati ya 0 na 1. Katika kila nukta, mbishi akitaja epsiloni unaweza kumpatia delta inayofaa nukta hiyo, yaani umbali ambao x ikisogea ndani yake, 1/x haibadiliki kuzidi epsiloni. Fanksheni haikatiki popote. Lakini delta moja ya kutumika kila mahali haipo, kwa sababu ukisogea karibu na 0 grafu inapanda ghafla na delta inazidi kusinyaa. Kila nukta ina delta yake. Delta ya wote haipo. Delta ya wote ikiwepo, huo ndio unaitwa uendelevu sare, na hapo ndipo wengi wanakwama, na wanadhani wameshindwa hesabu kumbe wamesoma sentensi haraka.

Wala usione aibu. Cauchy mwenyewe, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1821, aliandika kwamba ukijumlisha mfululizo wa fanksheni endelevu (zisizokatika) na ukawa na kikomo, jumla nayo lazima iwe endelevu. Mwaka 1826 mwanahisabati mwenzake, Abel, akaonyesha mfululizo wa fanksheni za saini (sin) unaokataa: jumla yake inakatika. Kilichokuwa kinakosekana ni tofauti hiyo hiyo: N ya kila nukta, na N moja ya nukta zote.

Umeuliza pia kwa nini wanapoteza wiki mbili kwenye namba halisi "ambazo tunazijua". Tunazijua? Chukua 1.4, 1.41, 1.414, vipeo vyake vya pili ni 1.96, 1.9881, 1.999396. Zinabanana kuelekea mahali, lakini ukiwa na namba za sehemu tu, kama 7/5, mahali hapo ni tundu, kwa sababu hakuna namba ya sehemu ambayo kipeo chake cha pili ni 2. Mwanahisabati Dedekind aliliona tatizo hili mwaka 1858 akifundisha kalkulasi Zürich: alijikuta anategemea mchoro wa mstari pale alipotakiwa kuthibitisha. Alichapisha jibu lake mwaka 1872. Mimi kama mwalimu, habari hiyo inanigusa sana. Kila ninapochora grafu ubaoni na kusema "mnaona inapita hapa", namkumbuka.

Kuhusu kusoma: weka pembeni pepa za miaka ya nyuma mpaka mwezi wa mwisho. Nilizikariri zote, na kwenye mtihani wakabadilisha neno moja tu. Wakati wa kujiandaa na sapu nilifanya tofauti. Nilichukua uthibitisho mmoja, nikausoma, nikafunga daftari, nikauandika upya kutoka kichwani. Nikikwama nilifungua kuona ni mstari gani tu, nikafunga tena. Ukurasa mmoja ulinila saa mbili, wakati mwingine usiku mzima. Na kila nadharia nilijiuliza: nikiondoa sharti hili, nini kinaharibika? Mifano ya kuharibika niliiandika kwenye kadaftari kake, na 1/x ilikuwa ya kwanza. Mtafute na mwenzako mmoja anayependa kubisha, mthibitishie kwa mdomo. Kundi la watu wanane linageuka kuwa la kunakili.

Kwa leo nenda kathibitishe kwamba (3n−2)/(n+4) inakwenda kwenye 3. Rafu kwanza, halafu nakala safi. Nitumie zote mbili, nitazisoma jioni nikitoka shule.