Kwa nini zirushwe ndege kuukuu?

Umeuliza kwa nini safari ya kuadhimisha posta ya anga ya Marekani, yaani barua za kwanza kupelekwa kwa ndege, irushwe kwa ndege kuukuu wakati za kisasa zipo. Kwa sababu ndizo zinazoonyesha ujasiri wa marubani wale wa mwanzo wa posta hiyo! Tarehe 15 Mei 1918 Luteni George Boyle aliondoka Washington kwa ndege aina ya Curtiss Jenny, kiti cha rubani kikiwa hakina paa, bila redio, Rais Wilson akitazama. Alipaswa kwenda kaskazini, Philadelphia; akapotea, akaangukia karibu na Waldorf, Maryland, kusini kabisa. Barua zake zilirudishwa kwa gari. Za kutoka New York, kwa kupokezana marubani, zilifika Washington siku ileile. Ndege ya kisasa ingetuonyesha nini katika hayo? Na marubani wa maadhimisho wabebe barua halisi, zenye mhuri.