Je, Thomas Cole alichora dhoruba huku akinyeshewa?

SWALI: Katika kitabu kimoja cha sanaa niliona picha ya Thomas Cole, Mwingereza aliyehamia Marekani. Mto umejipinda kama kitanzi, upande wa kushoto wingu zito la mvua limeshuka, na kati ya miamba kuna mtu mdogo anayechora. Naomba kufahamishwa: mtu huchoraje dhoruba iliyo mbele yake bila kazi yake kulowa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kazi haikulowa kwa sababu picha hiyo haikuchorwa mlimani, ingawa yenyewe inatutaka tuamini hivyo. Cole, aliyezaliwa Lancashire mwaka 1801 na kuhamia Marekani pamoja na wazazi wake mwaka 1818, alizoea kupanda milima akiwa na daftari na penseli, akachora vilima, miti na mawingu kwa mistari myepesi, kisha juu ya mchoro huohuo akaandika kwa maneno rangi alizoziona. Tyubu za bati za kubebea rangi ya mafuta zilipata hataza mwaka 1841 tu. Kabla ya hapo rangi ilifungwa katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vikishatobolewa haviwezi kuzibwa vizuri, na huo si mzigo wa kupanda nao mlima.

Hata aliporudi nyumbani hakushika brashi papo hapo. Alimwandikia mchoraji mwenzake, Asher Durand, kwamba hafanikiwi kamwe akichora mara tu baada ya safari, na kwamba ni lazima angoje mpaka muda ufunike yale madogo madogo yasiyo na uzito.

Picha uliyoiona ni ya mwaka 1836, ina upana wa karibu mita 2, na imehifadhiwa katika jumba la Metropolitan, New York. Inaonyesha Mto Connecticut ukitazamwa kutoka Mlima Holyoke, na jina lake kamili linasema wazi kwamba ni baada ya mvua ya radi: wingu linaondoka, na mashamba ya kulia yameshapata jua. Yule mtu mdogo ni Cole mwenyewe, amegeuza uso kututazama. Karibu naye mwavuli umechomoza juu ya mwamba, na saini yake ameiweka, kwa utani nadhani, kwenye mkoba wa michoro.