Kocha wa Winnipeg afukuzwe au abaki? Acheni kutazama dauni ya tatu

Mkuu uliyeuliza juzi, nimesoma swali lako na majibu ya wadau nikaona nisipite kimya maana hapa ndo kwangu. Umesema umehamia Winnipeg, kazini kila baada ya mechi watu wanagombana kuhusu kocha Mike O'Shea wa Blue Bombers, timu ya hapa ya futiboli ya Kanada (sio soka), nusu wanasema atimuliwe, nusu wako tayari kumchongea sanamu, na wewe huelewi inakuwaje timu iliyocheza fainali tano mfululizo bado mashabiki wake wanamtukana kocha. Halafu ukauliza kwa nini wakibakiza yadi tatu tu wanaupiga mpira teke wanawapa wapinzani badala ya kujaribu. Maswali mawili, ila jibu lake linaanzia sehemu moja.

Kwanza toa kichwani ile futiboli ya Marekani unayoiona kwenye tv. Kule wana dauni nne, yani majaribio manne, za kusogea yadi 10, huku ni tatu. Uwanja huku ni yadi 110 kwa 65, wachezaji 12 kila upande, na maresiva (wapokeaji wa pasi) wanaruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea kwenye laini kabla mpira haujatoka, yani mpira unapotoka jamaa tayari yuko spidi kamili na beki wake amesimama. Sasa ukiwa na dauni tatu na ile ya tatu mara nyingi ni ya teke, iwe fildi goli (kuupitisha mpira kati ya nguzo za goli) au kuupeleka mbali, kiukweli una dauni mbili tu. Ukikimbia nao dauni ya kwanza ukapata yadi mbili, ya pili unabaki na nane, na hapo uwanja mzima mpaka muuza hotdogi anajua unapasi. Difensi, yani wanaozuia, inarudi nyuma inakusubiri. Haijafika, unatoka. Dakika moja haijaisha ofensi, yani wanaoshambulia, imerudi kwenye benchi na difensi yako ambayo haijamaliza hata kunywa maji inaingia tena.

Kwa hiyo watu wanaobishana kuhusu dauni ya tatu wanabishana kuhusu matanga, ugonjwa ulianza mapema. Jirani yangu wa siti pale Princess Auto Stadium, uwanja wetu, ni mzee mmoja mzungu wa hapa hapa Manitoba, ana kidaftari na penseli (kalamu ya wino ikifika mwisho wa Oktoba haiandiki kwa baridi), na kitu anachoandika ni kimoja tu, yadi za dauni ya kwanza. Basi. Haandiki pasi, haandiki tachidauni (bao la kufikisha mpira ng'ambo ya laini ya goli). Tukipata chini ya nne anazungushia duara. Robo ya tatu akiona ukurasa umejaa viduara anaanza kufunga zipu ya jaketi na mimi najua mechi imeisha hata kama ubao unasema tunaongoza. Mara nyingi anapatia, inakera.

Sasa hilo la yadi tatu. Ikiwa tatu na moja, yani dauni ya tatu imebaki yadi moja, karibu kila kocha huku anaenda, yani anajaribu badala ya kupiga teke, hata akiwa upande wake wa uwanja, kwa sababu sheria inaitaka difensi isimame yadi moja mbali na mpira. Fikiria watu watano wa laini ya ofensi wanapata nafasi ya kusukuma kabla hawajagusana na mtu, kotabeki (yule anayeongoza ofensi na kurusha pasi) anajitosa nyuma yao, imeisha hiyo. Ndo maana timu nyingi zina kotabeki wa pili mwenye mwili anayeingia kwa kazi hiyo tu. Lakini tatu na tatu ni dunia nyingine, huwezi kujitosa, lazima upasi au ukimbie nje, na ukikosa umempa adui mpira palepale ulipo. Uwanja ni mrefu, teke zuri linamrudisha mtu yadi 40 na kitu. Mimi pia napenda kocha jasiri lakini ukiwa kwenye yadi 35 yako robo ya pili ukiwa unaongoza, hapo ujasiri ni wa nini.

Turudi kwa O'Shea. Jamaa ameshika timu toka 2014, alikuwa linibeka (mlinzi) enzi zake na kabla ya kuja alikuwa kocha wa timu za mateke pale Toronto, na kama ni mgeni utamjua kwa kaptula maana anavaa kaptula hata kwenye baridi ambayo wewe umefunika mpaka pua. Wanaomtaka atimuliwe wana kesi zao mbili za zamani ambazo hawazisahau. Ya kwanza ni Novemba 2016, mchujo Vancouver na BC Lions, tuko nyuma 32-31, muda umebaki kidogo sana, dauni ya tatu na yadi chache. Watu wote wanajua kotabeki atabaki uwanjani. O'Shea akamuita mpigaji Justin Medlock ajaribu fildi goli la yadi 61. Rekodi ya ligi nzima ni yadi 62, ya Paul McCallum mwaka 2001. Ikakosa, safari ikaishia hapo. Ya pili ni mwaka uliofuata, mchujo nyumbani na Edmonton, wakajifanya wanapiga teke halafu wakaenda, wakakamatwa, mechi ikaisha 39-32. Mji huu ulitaka kichwa chake aisee, na mimi kipindi hicho nilikuwa kwenye kundi la atoke, sijui kwa nini nifiche.

Uongozi ukambakiza. Kwetu Kariakoo mtu anafungwa dabi moja Jumatatu ana barua mkononi, huku jamaa alikosea kwenye mchujo miaka miwili mfululizo wakamuacha. Na Winnipeg ilikuwa haijachukua Grey Cup, kombe la ubingwa wa ligi, toka 1990, kwa hiyo subira yenyewe ilikuwa imeshachakaa.

2019 ndo uone. Msimu unaenda vizuri, kotabeki Matt Nichols anaumia, Chris Streveler anaingia, ni mkimbiaji zaidi kuliko mpasi, tunamaliza wa tatu kanda ya magharibi. Oktoba wanamleta Zach Collaros, mtu ambaye msimu huohuo alikuwa ameanza na Saskatchewan akaumia mechi ya kwanza, akapelekwa Toronto, hajachezeshwa, akaja kwetu. Kocha mwingine angechagua mmoja. O'Shea na kocha wa ofensi Paul LaPolice wakawatumia wote wawili ndani ya mechi moja, Collaros wa kupasi, Streveler wa kukimbia na wa yadi fupi, na kati yao Andrew Harris, mtoto wa hapahapa Winnipeg, anabeba mpira. Unaona mantiki yake? Difensi ya mpinzani kwenye dauni ya kwanza haijui itakutana na nini. Tukashinda Calgary, tukaenda Regina kwa Saskatchewan tukashinda 20-13, na mchezo wa mwisho kabisa pasi ya kotabeki wao Cody Fajardo iligonga chuma cha goli, maana huku magoli yamesimama kwenye laini ya goli na sio nyuma. Fainali tukaikuta Hamilton iliyoshinda mechi 15 kati ya 18, tukaipiga 33-12. Harris alikimbia yadi 134 na akachukua tuzo zote mbili, ya mchezaji bora wa fainali na ya Mkanada bora. Ukitazama marudio usitazame tachidauni, tazama dauni za kwanza, Hamilton walikuwa wanarudi nyuma hatua mbili mbili toka mwanzo.

2020 hakukuwa na ligi kwa sababu ya korona. 2021 fainali nyingine na Hamilton tena, safari hii kwao, na hii ndo mechi ninayowapa wanaosema O'Shea hana mbinu. Ilikuwa na upepo wa balaa. Huku timu zinabadilishana upande kila robo, kwa hiyo nani anapata upepo mgongoni robo ya mwisho ni uamuzi wenye uzito kuliko mchezo wowote utakaochora ubaoni. Tulikuwa nyuma 22-10, robo ya nne upepo wetu. Tukafunga, na baada ya kufunga mateke ya kuanzisha yakapitiliza mpaka nje ya endizoni yao (eneo la nyuma ya laini ya goli), na huku wakati huo hiyo ilikuwa pointi moja, ile inaitwa ruji. Pointi moja, baadaye nyingine moja. Muda wa kawaida ukaisha 25-25. Toa hizo mbili uone tungekuwa wapi. Muda wa nyongeza tukamaliza 33-25. Watu wanacheka hiyo pointi ya ruji wanaiita zawadi ya kukosa, sawa, ila kocha aliyetoka kwenye mateke alijua thamani yake.

Na hapa niseme tu kuwa kuanzia 2026 ligi imeamua teke linalopitiliza nje bila kuguswa halina pointi tena, na 2027 magoli yanahamishiwa nyuma ya endizoni na uwanja unapunguzwa kuwa yadi 100. Sijafurahi. Nathan Rourke, kotabeki wa BC, mabadiliko hayo aliyaita takataka na mimi niko naye.

Sasa fainali tatu tulizopoteza, 2022, 2023 na 2024, ndizo zinazoleta ugomvi kazini kwako. 2022 kule Regina, Toronto wametufunga 24-23. Kila mtu anakumbuka fildi goli letu lililozuiwa na Robbie Smith mwishoni. Mimi nakumbuka kabla ya hapo, kotabeki wao wa akiba Chad Kelly ameingia baridi kabisa baada ya mwenzake kuumia, dauni ya pili na yadi nyingi, yani pale difensi inapotakiwa kula bure, akachomoka akakimbia yadi 20. Hapo ndo mechi iliondoka. Baadaye Henoc Muamba akatukata pasi, mzaliwa wa Kinshasa huyo, na kinachouma zaidi ni sisi ndo tulimchukua namba moja kwenye drafti ya 2011, pale timu zinapochagua vijana wapya. Akabeba tuzo zote mbili kama Harris. Siku hiyo rafiki zangu Wakongo ambao hata hawajui dauni ni nini walikuwa wanashangilia sebuleni kwangu wakila chakula changu.

2023, dhidi ya Montreal, Fajardo yuleyule wa chuma cha goli, tachidauni kwa Tyson Philpot zimebaki sekunde 13, 28-24. Hiyo simlaumu kocha, pasi ilikuwa nzuri basi.

2024 ndo yenye mjadala halali. Collaros alichanika kidole cha mkono wa kurushia, akatoka, akaingia kijana Terry Wilson, halafu Collaros akarudi kidole kimefungwa, na jumla siku hiyo alirusha pasi nne mikononi mwa Toronto, 41-24. Swali ni angeachwa nje? Streveler alikuwa majeruhi, kwa hiyo akiba ilikuwa kijana asiye na uzoefu kwenye fainali. Maoni yangu, kumrudisha ilikuwa sawa, ila ukimrudisha mtu ambaye hausikii vizuri mpira mkononi basi badilisha mpango, mpe mkimbiaji wetu Brady Oliveira mpira dauni ya kwanza mara nyingi zaidi, pasi ziwe fupi. Kumrudisha halafu ukaendelea kurusha mbali ndo siwezi kutetea. Hili nimebishana nalo mpaka mke wangu akazima taa.

Kitu kingine wageni hawakioni ni sheria ya Wakanada. Lazima idadi fulani ya wanaoanza wawe Wakanada, kwa hiyo akiumia Mkanada mmoja kwenye laini huwezi tu kuingiza Mmarekani aliye bora, pengine inabidi ubadilishe na resiva ili hesabu itimie. Ukimuona kocha ameweka mtu wa ajabu mahali pa ajabu, kabla ya kutukana hesabu kwanza pasipoti.

Msimu wa 2025 tulikuwa wa kawaida, 10-8, tukavukia kucheza mchujo wa kanda ya mashariki, Montreal wakatutoa, na Grey Cup ikachezwa hapahapa kwetu bila sisi, Saskatchewan wakaichukua 25-17 mji ukiwa kijani kila kona. Ndo maana hasira ni mbichi. Buck Pierce aliyekuwa anaita michezo ya ofensi aliondoka kwenda kuwa kocha mkuu BC, na ukiniuliza pengo ni hapo zaidi kuliko kwenye kaptula ya O'Shea. Simtetei kwa kila kitu, ila nionyesheni kwanza mnayemleta, msiseme tu atoke.

Na ukienda uwanjani mkuu, usinunue siti za chini karibu na benchi kwa kudhani utaona vizuri, uwanja una upana wa yadi 65 na kutokea chini utaona migongo ya watu tu. Panda juu, nyuma ya goli kama zipo, hapo unawaona maresiva wakianza kukimbia kabla ya mpira na unaona kama beki ameshaachwa. Na vaa buti zenye soli nene, zege la pale Oktoba linapandisha baridi mpaka magotini.