Mume wako hadeki, dada: jibu kutoka kwa mgonjwa mwenzake wa figo

Pole sana dada. Umeandika kwamba mumeo ana miezi mitano anasafishwa damu, siku hizi haongei, hali chakula, wiki iliyopita kagoma kwenda kwenye mashine, na shemeji zako wanasema anadeka. Mimi mwaka wa sita huu nalala kitanda kama chake, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila safari. Hadeki. Huenda ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Kwanza hilo la kugoma. Akiruka siku, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu na potasiamu ikapanda mpaka moyo ukasimama. Wapigie manesi wa kitengo leo hii, waeleze yote, pamoja na ukimya wake.

Kwangu ilianza na wasiwasi. Ule mshipa wanaouunganisha mkononi kwa ajili ya sindano huwa unavuma ukiushika. Niliambiwa niukague kila siku, na ukinyamaza niwahi hospitali. Nikawa naukagua kila saa. Usiku mke wangu alikuwa ananikuta nimekaa kitandani, mkono nimeubana sikioni, nasikiliza. Nikisinzia nashtuka, naubana tena. Kukipambazuka sina nguvu hata ya kufunga vifungo vya shati.

Halafu kikombe. Daktari alinipangia robo tatu ya lita kwa siku, na joto la Dar mnalijua. Mke wangu ndiye aliyekuwa ananipimia. Mwanaume niliyekuwa nalisha nyumba nzima napimiwa maji kama mtoto, huku kiwanja kimeshauzwa kwa ajili yangu. Nikaanza kuhesabu watoto wangeishije vizuri kama nisingekuwepo. Hayo sikumwambia mtu.

Na kwa mgonjwa wa figo, sonona inajificha vizuri mno. Uchovu, kukosa usingizi, chakula kutopita, vyote ni dalili za figo pia. Nikilalamika, napimwa damu. Kweli ilikuwa chini, na sindano za kuongeza damu zilinirudishia miguu, lakini mwanangu akiniletea daftari lenye vema tupu nilikuwa naliangalia kama gazeti la jana. Hapo ndipo pa kutazama, dada. Figo zinachosha mwili, ila mtu akiacha kufurahia hata kile alichokuwa anakipenda kuliko vyote, ujue huenda ni sonona. Tena si yeye peke yake, kati ya watu wanne tunaosafishwa damu, takriban mmoja anayo.

Siku daktari aliponiuliza maswali tisa ya kupima sonona, kuhusu wiki mbili zilizopita, la mwisho lilikuwa kama nimewahi kuwaza ni heri nife. Nikasema ndiyo. Mke wangu alikuwa pembeni ameshika kadi ya bima. Hakulia pale, alilia kwenye daladala, kimya kimya, mpaka tunashuka. Lakini tangu siku ile tukaanza kuongea.

Nilipelekwa kliniki ya afya ya akili, nikapata mtu wa kuzungumza naye, na dawa kwa dozi ndogo, maana kuna dawa ambazo figo zikishindwa hazitoki mwilini. Kwa hiyo nakusihi usimnunulie dawa ya usingizi duka la dawa, na mitishamba ya "kusafisha figo" ikatae hata akiileta mama mkwe. Nafuu niliiona baada ya wiki tano hivi. Kikombe bado kipo, ila sasa najipimia mwenyewe.

Leo usiku usimwambie ajikaze. Kaa naye, muulize waziwazi kama anawaza kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo, linamtua mzigo. Akikubali, usimwache peke yake, nendeni hospitali usiku huo huo, wala msisubiri siku ya mashine.

Mimi zamu yangu ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mkono wa kulia unabaki huru, ukiandika nitakujibu nikiwa pale pale kitandani. Na yeye akitaka kuongea na mgonjwa mwenzake, mpe simu aniandikie mwenyewe.