Barua za Kiajemi za zamani zinapotaja mahari na deni: je, warithi wanadaiwa?

Swali: Assalamu alaykum Sheikh. Katika vitu vya marehemu nyanya tumekuta barua za Kiajemi ambazo mama yake aliandika akiwa Shiraz, Iran, kumpelekea mumewe aliyekuwa akifanya biashara Bushehr. Tumesomewa juujuu: anasema hajapewa mahari yake ya tumani 60 (pesa za Iran), masurufu ya miezi saba hayajafika, na ameweka rehani vyombo vya shaba. Barua moja ina mwaka 1305. Mume ndiye aliyetangulia kufariki. Je, deni hili linatuhusu sisi wajukuu? Na tumani 60 ni kiasi gani leo?

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Deni la maiti hukaa kwenye mali aliyoiacha, halihamii shingoni mwa watoto wake. Sura ya 4, aya ya 11 na 12, zimeweka mgawo wa mirathi baada ya wasia na deni. Ikiwa hakuna kilichowafikia kutoka kwa mume huyo, hamdaiwi. Mkitoa kitu ni hisani yenu. Ikiwa ipo nyumba au shamba lake ambalo bado halijagawanywa, hapo ndipo barua hizi zina uzito, na ni lazima zisomwe kwa makini kuliko mlivyosomewa.

Msishangae mahari kubaki bila kulipwa. Katika Iran ya wafalme wa ukoo wa Qajar (1789 hadi 1925) mahari mara nyingi yalikuwa ya kulipwa mke atakapodai, na wengi hawakudai mpaka mume afe au atoe talaka. Mke huwa mmiliki wake tangu akidi ya ndoa, lakini fedha hubaki kwa mume kama deni.

Barua ya mke inathibitisha kwamba alidai. Haithibitishi kwamba mume alikuwa anadaiwa. Kilichothibitisha kiasi ni hati ya ndoa, yenye mihuri ya mashahidi na ya mwanachuoni pembeni mwa maandishi. Itafuteni. Humo kiasi huandikwa kwa maneno, kisha hutajwa nusu yake: tumani 60, ambazo nusu yake ni 30. Walifanya hivyo ili mtu akiongeza mstari mmoja wa kalamu kuikuza tarakimu, nusu imsute. Kama hati haipo, tafuteni majibu ya mume. Akiandika “mahari yako ninayo”, hiyo ni ikrari, yaani kukiri deni, nayo humbana, mradi muhuri au mwandiko uthibitike kuwa ni wake. Kwa upande wa bibi, mwandiko hausemi mengi, kwani wanawake wengi waliandikiwa na mirza (karani) au jamaa anayejua kalamu. Tazameni muhuri wake, maana wanawake nao walikuwa na mihuri yao.

Jambo linalowapotosha wasomaji wengi ni adabu ya barua za Kiajemi. Utakuta “nijitoe mhanga kwa ajili yako”, “roho yangu na mali yangu ni yako”, “haina thamani mbele yako”. Hayo ni maamkizi na heshima tu. Haitoki hiba (zawadi) humo, wala mahari hayasameheki kwa maneno hayo. Msamaha wa mahari unataka kauli inayoeleweka kuwa ni kusamehe, tena kwa hiari, kama ilivyo katika Sura ya 4, aya ya 4: wakiwaachia kitu kwa moyo mweupe. Bibi akiandika “mahari yangu nimekuhalalishia”, deni limekwisha, hata kama kesho yake alijuta. Akiandika “sijali mahari, njoo tu”, hilo ni la mtu aliyechoka kungoja. Deni liko palepale.

Sasa hesabu. Anzeni na tarehe. Mwaka 1305 kwa hijria ya mwezi ni 1887 na 1888. Lakini Iran ilipitisha kalenda ya jua mwaka 1925, na 1305 ya jua ni 1926 na 1927. Mkikuta Rajabu au Shaabani, ni ya mwezi. Mkikuta Farvardin au Mehr, ni ya jua. Tofauti ni karibu miaka 40, na hiyo inaweza kumgeuza mwandishi kuwa mtu mwingine kabisa.

Pili, tarakimu. Wafanyabiashara na makarani waliandika fedha na uzito kwa siyaki, yaani alama zilizofupishwa kutoka majina ya Kiarabu ya namba. Hazifanani na 1, 2, 3, na anayejua Kiajemi cha leo hawezi kuzisoma bila kufundishwa. Aliyewasomea “60” muulizeni kama aliikuta kwa maneno au aliikisia kwenye alama.

Tatu, thamani. Tumani 1 ni qirani 10, qirani 1 ni shahi 20. Qirani ilikuwa sarafu ya fedha, nayo ilipungua uzito miaka ilivyokwenda. Ilipoanza mwaka 1825 ilikuwa na gramu 6.9 hivi, mashine za kupigia sarafu zilipoanza kazi Tehran, mwishoni mwa miaka ya 1870, ilikuwa imeshuka hadi gramu 4.6 hivi. Ndiyo maana hati makini hutaja uzito wa qirani kwa nokhodi, kipimo kidogo cha uzito, na nokhodi 24 ni mithqali moja ya masonara, gramu 4.6. Hivyo tumani 60 ni qirani 600. Kwa qirani ya 1825 ni gramu 4,140 za sarafu. Kwa ile ya baadaye ni gramu 2,760. Kinachohesabiwa ni uzito uliotajwa katika akidi, au uliokuwa ukitumika siku hiyo, si siku ya barua. Msichanganye pia na mithqali ya sharia, ambayo ni robo tatu ya ile ya masonara, gramu 3.45 hivi.

Wanachuoni wametofautiana kuhusu sarafu iliyokwisha kutumika: alipe madini ya fedha ya uzito ule, au thamani yake, na thamani ya lini? Bunge la Iran mwaka 1997 liliongeza kifungu kwenye sheria ya kiraia kwamba mahari ya pesa hukadiriwa upya kwa faharasa ya bei (kipimo cha kupanda kwa bei), lakini hiyo ni sheria ya mahakama za huko, haiwafungi ninyi. Njia iliyo salama ni sulhu: warithi wa pande zote wakubaliane kiasi, kisha kila mmoja amhalalishie mwenzake. Asiyeridhika arejee kwa marjaa (mwanachuoni mkuu) anayemfuata.

Masurufu ya miezi saba nayo ni deni. Katika madhehebu yetu ya Jaafari, ya Kishia, masurufu ya mke yasiyotolewa hubaki deni hata bila hukumu ya kadhi, maadamu hakuwa amemwasi mumewe. Ya watoto yakishapita hayadaiwi hivyo. Kwa hiyo kama barua inataja jumla moja kwa nyumba nzima, sehemu yake tu ndiyo deni. Vyombo vya shaba mara nyingi vilikuwa vya mke mwenyewe, vimo katika orodha ya alivyokuja navyo. Shaba iliuzwa na kuwekwa rehani kwa uzito, kwa man ya Tabriz, karibu kilo 3, basi tazameni kama uzito umeandikwa. Alichokopa kwa rehani hiyo ili ajilishe hakiongezwi juu ya masurufu, kisije kikahesabiwa mara mbili.

Kosa kubwa hutokea kwenye mgawo. Tuseme mzee aliacha mali inayohamishika ya qirani 900, mke huyo mmoja na watoto. Anayesahau mahari humpa mjane thumuni (sehemu moja ya nane), yaani qirani 112.5, akanyamaza. Sahihi ni kutoa kwanza 600 za mahari, na masurufu kama yamethibiti. Tukiyaacha masurufu, zimebaki 300; thumuni yake 37.5, jumla yake 637.5. Watoto hugawana 262.5, mwanamume mara mbili ya mwanamke.

Ikiwa warithi wa mume na wa mke ni watoto walewale, na wamechukua mali zote mbili, deni limewarudia wenyewe na mafungu hayabadiliki. Ulizeni kama mzee alikuwa na mke mwingine Bushehr, au watoto wa ndoa nyingine. Hao ndio ambao mahari haya yanapunguza fungu lao, kwa hiyo lazima wajulishwe kabla hamjauza chochote.

Wallahu aalam.